Shajara ya mtumbwi wa Igombe: kutafuta mwendo kwenye injini ya 15

Kabla ya kuanza

Mtumbwi ni wa mbao, mita 8 na nusu kutoka ncha hadi ncha, upana mita 1.6, na ulinijia pamoja na injini yake ya nguvu farasi 15, zile za kuchanganya oili na petroli. Mwenye nao ameacha dagaa kaingia kwenye bodaboda. Mimi nimetoka kwenye kutengeneza bodaboda nimeingia kwenye dagaa. Tumepishana njiani. Alisema injini haina shida, na mimi niliyeshika spana miaka kumi na moja nikamwamini kwa sababu tu iliwaka kwa mvuto mmoja.

Usiku wa kwanza kazini nikapata jibu langu. Mitumbwi iliyotoka nyuma yetu hapa mwaloni, ufukwe wa wavuvi wa Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria, ilitupita mmoja baada ya mwingine, na asubuhi tukafika wenzetu wameshaanika. Kwa dagaa hiyo si aibu tu. Aliyeanika saa moja asubuhi, jioni anaanua mzigo mkavu unaong'aa. Aliyeanika saa nne, mzigo wake unalala na unyevu, na mvua ikiukuta huo ni wa kuku, na bei yake ni ya chakula cha kuku.

Ushauri wa mwaloni ulikuwa mmoja: "Tajiri, tafuta 40." Hela ya injini ya 40 sina, na hela ya kuinywesha petroli ndiyo sina kabisa. Nikaamua kwamba mbalamwezi hii, wakati taa hazivuti dagaa na vijana wamepumzika, nitaikamua hii 15 mpaka nijue mwisho wake. Naandika nilichofanya na nilichopima, pamoja na pale nilipoharibu.

Siku ya 1

Leo sijafungua hata nati moja. Ukianza kurekebisha kabla ya kupima hutajua kilichosaidia ni nini.

Mwendo nimeupima kwa simu. Tunakwenda dakika tano kuelekea nje, tunageuza, tunarudi dakika tano kwenye mstari ule ule, kisha nachukua wastani. Upepo wa mchana unatoka ziwani, ukipima upande mmoja tu unajidanganya. Mizunguko ya injini nimeipima kwa kile kidude kidogo ambacho mafundi wa jenereta na chensoo wanacho: waya mmoja unauzungushia kwenye waya wa plagi, kioo kinakuandikia namba. Petroli nimejaza tangi hadi alama, tumekimbiza nusu saa, nimerudishia kwa jagi la lita moja lenye mistari.

Watu wawili, hakuna nyavu, hakuna taa, mkono wa injini, ule wa kuongezea mwendo, umezungushwa hadi mwisho:

Kwenda 10.3, kurudi 11.3. Wastani kilomita 10.8 kwa saa. Mizunguko 3,900 kwa dakika. Petroli lita 3.1 kwa nusu saa.

Hiyo 3,900 ndiyo iliyoninyima usingizi. Injini hii mkono ukiwa mwisho inatakiwa icheze kati ya 4,500 na 5,500. Yaani ilikuwa inalazimishwa kubeba kitu kinachoizidi, na bado inakunywa kama iliyofika.

Siku ya 2

Tumeuvuta nchi kavu juu ya magogo, watu kumi na wanne, soda kreti moja na chenji ya sigara. Tumeugeuza kifudifudi.

Chini kulikuwa na utelezi wa kijani, huo niliutegemea. Sikutegemea mabati. Kila palipowahi kuvuja, mwenye mtumbwi wa zamani alipigilia kipande cha debe juu ya ufa, na kipande kingine juu ya kile cha kwanza. Vingine vimeinuka upande wa mbele kama magamba ya sangara. Kimoja, karibu na mkuku, ule ubao mrefu wa katikati chini, kilikuwa kimefunguka hadi kidole changu kinaingia chote. Hicho kilikuwa kinachota maji safari nzima, kwenda na kurudi.

Ndani nilipong'oa mbao za kukanyagia nikakuta saruji. Ndiyo, saruji. Kule nyuma, chini ya injini, mtu alimwaga zege kuziba uvujaji, likapasuka, maji yakaendelea kuingia kama kawaida, na zege likabaki. Juu yake mchanga, magamba, vichwa vya dagaa vilivyogeuka udongo, na nanga kuukuu isiyo na kamba.

Nikapeleka vyote kwenye mizani ya kuning'iniza ya mama mmoja anayenunua dagaa, ndoo kwa ndoo. Akaniangalia mpaka ndoo ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Baba, hiyo saruji unauza kilo shilingi ngapi?"

Kilo 71. Mtu mzima mwenye kitambi, amekaa nyuma kabisa mahali pabaya kuliko pote, anasafiri bure kila usiku.

Siku ya 3 hadi ya 5

Fundi wa mitumbwi ni mzee wa hapa hapa. Nilimkuta asubuhi, nikamsalimu Kisukuma, "Mwangaluka," akaitikia huku tayari anagonga mbao kwa kisigino cha nyundo na kusikiliza. Mbao nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Mbao tatu zilinyamaza. Mbili tumebadilisha. Ya tatu ni ubao wa nyuma unaofungiwa injini, na ule ameutazama muda mrefu akasema utafika msimu ujao ukiuheshimu. Nikauacha. Nimeandika hapa ili baadaye nisijifanye sikujua.

Mabati yote tumeng'oa. Kila mshono ameuchokoa kwa patasi, akasokota pamba nyembamba kama utambi, akaikandamiza kwa patasi butu na nyundo, pigo fupi fupi, halafu lami ya moto juu. Usukumani pamba haikosekani, ila anachagua: ile yenye mbegu mbegu anaitupa, anasema mbegu ikioza inaacha tundu. Palipobidi bati, ameliweka moja tu, makali ya mbele yamelazwa ndani ya ubao kwa patasi ili maji yasipate pa kushika.

Mtumbwi tumeufunika turubai mchana. Tunataka mbao zipoteze maji zilizonywa, hatutaki jua lizikaushe ghafla na kuachanisha mishono ambayo mzee ametoka kuziba. Siku hizi tatu sina cha kupima.

Siku ya 6: injini

Hapa ndipo nyumbani kwangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Plagi mbili, zote nyeusi na zimelowa. Nikawauliza vijana wanachanganyaje oili. Nahodha akajibu kwa fahari: chupa ya lita moja kwenye petroli lita ishirini. Hiyo ni moja kwa ishirini. Injini hii inataka moja kwa hamsini, maana yake lita ishirini za petroli zinapata mililita 400 za oili, chini ya nusu chupa. Na iwe oili ya injini za boti. Hii ya pikipiki niliyoikuta kwenye dumu haikutengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji ya ziwa.

"Sasa bosi, oili si ndiyo afya ya injini?"

Nikamwambia hata ugali ni afya, lakini jaribu kula sufuria nzima halafu ukimbie. Hakuridhika. Nimempimia chupa, nimechora mstari kwa msumari.

Kabureta: nimefungua, nimekuta chini ya kikombe cha petroli maji na vumbi la kutu kutoka kwenye dumu la bati. Nimesafisha, nimebadili chujio, na dumu la bati limefukuzwa.

Kukojoa: injini ikiwaka vizuri inakojoa mchirizi mwembamba wenye nguvu, hiyo ndiyo dalili kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Hii yetu ilikuwa inadondosha kama mzee. Impela ya pampu, kigurudumu kinachosukuma maji hayo, ilikuwa na majani mawili yaliyopasuka. Mpya imeingia.

Oili ya gia: nilipofungua skrubu ya chini ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Nikavua propela kutafuta njia yake, na hapo nyuma ya propela nikakuta uzi wa nyavu, ule wa plastiki usiooza, umejizungusha kwenye shafti, mzunguko juu ya mzunguko, umebanwa hadi umekuwa pete ngumu. Niliutoa kwa kisu kidogo kidogo, kama kutoa funza. Ulikuwa umekwisha kula sili, ile pete inayozuia maji kuingia kwenye gia. Sili mbili mpya, oili mpya ya gia, na sheria mpya: propela inavuliwa kila mbalamwezi hata kama hakuna tatizo.

Kamba ya kuzimia injini mwendeshaji akianguka nayo ilikuwa imekatika na kufungwa fundo moja kwa moja ili isisumbue. Nimeweka nyingine. Anayeshika mkono wa injini anaifunga kwenye kifundo cha mkono wake au haendeshi.

Siku ya 7

Tumeushusha. Umevuja masaa ya kwanza kama ilivyo kawaida, mbao zikavimba, ukatulia. Vipimo vile vile, watu wale wale:

Wastani 11.9. Mizunguko 4,250.

Karibu kilomita moja na ushee kwa saa, na injini imepumua. Lakini bado iko chini ya 4,500. Na nikitazama nyuma naona kitu kingine: maji yanaruka kwenye shingo ya injini kama mtu anakokota mti ziwani.

Siku ya 8: nilipoharibu

Juu ya propela kuna bamba la bapa. Wanaozijua hizi injini watakwambia bamba hilo linatakiwa liwe karibu usawa wa chini ya mtumbwi. Letu lilikuwa sentimita 9 chini zaidi. Ubao wa nyuma ulishachongwa kuwa mfupi na mtu aliyeamini injini ikizama zaidi ndiyo inashika maji zaidi. Mzee fundi naye anaamini hivyo, tumebishana. Kila sentimita ya ziada iliyo majini ni chuma kinachokokotwa.

Nikafunga kipande cha mninga juu ya ubao, nikainyanyua injini sentimita 8. Asubuhi ziwa limelala kama sahani: 12.5! Nikashangilia peke yangu. Saa nane mchana upepo ukaja, mawimbi yakainua nyuma, propela ikavuta hewa, injini ikapiga kelele kama chensoo iliyokosa mti, na mtumbwi ukasimama. Wimbi likapita, propela ikashika kwa kishindo, tukarushwa. Mara kumi hivi. Injini inayofanya hivyo usiku mzima na mzigo haitafika mwaka. Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe. Hakusema kitu, alitabasamu tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nimeishusha hadi sentimita 3 chini ya usawa. Mawimbini inashika, kwenye maji tulivu 12.3. Hapo ndipo tulipopatana, ingawa yeye anadai ameshinda.

Jambo dogo la siku hiyo hiyo: pini ya kuegemeza injini ilikuwa tundu la nje kabisa, kwa hiyo propela ilikuwa inasukuma nyuma ya mtumbwi izame na pua inyanyuke. Nimeiingiza ndani tundu mbili. Tangi la petroli nimelisogeza katikati. Pua imeshuka, nahodha anaona mbele bila kusimama.

Siku ya 9: propela

Kwenye kitovu cha propela pamegongwa namba: 9 1/4 x 12. Ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya pili ni hatua, yaani ingekuwa inajipenyeza kwenye kitu kigumu kama skrubu kwenye ubao, kwa mzunguko mmoja ingesonga inchi 12.

Nilipiga hesabu usiku kwenye daftari. Gia za injini hii, kwa mizunguko 27 ya injini yenyewe propela inazunguka 13. Kwenye 3,900 za siku ya kwanza propela ilizunguka karibu mara 1,878 kwa dakika, kila mara sentimita 30 na nusu. Hiyo ni kilomita 34 kwa saa. Propela inataka kwenda 34, mtumbwi unakwenda 10.8! Tofauti yote hiyo ni maji yanayokorogwa. Propela ya hatua 12 ni ya boti jepesi la fibaglasi linaloteleza juu ya maji, si ya chombo cha mbao chenye watu watano na nyavu mbichi. Ni sawa na kupanda kilima cha Bugando na gia namba nne umebeba magunia mawili. Mtu aliyeifunga alidhani namba kubwa ni mwendo mkubwa.

Halafu kuna jambo ambalo hapa mwaloni sijasikia likitajwa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hesabu za kawaida injini inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Injini iliyoandikwa 15, pale Dar es Salaam ni 15. Huku kwetu ni 13 na kitu. Haina kosa lolote, imezaliwa ufukweni ikaletwa milimani. Kwa hiyo hata propela inayofaa Pwani, kwetu inafaa kuwa nyepesi kidogo.

Nimepata mjini, kwenye duka la vipuri, 9 1/4 x 8, iliyotumika, majani yote matatu mazima. Nimeyapitisha kidole kutafuta makovu, nimelainisha mawili kwa tupa.

Wastani 13.1. Mizunguko 5,000.

Shemeji aliyekuwa ameshika simu alisoma namba mara mbili. Sauti yenyewe imebadilika, haigugumii tena.

Siku ya 10

Nimerudi kupima petroli, maana mwendo bila petroli ni sifa tu.

Mkono mwisho, 13.1, inakunywa lita 7 kwa saa. Hiyo si akiba kubwa ukilinganisha na mwanzo. Lakini nikipunguza mkono hadi 3,900, mizunguko ile ile ya siku ya kwanza, mtumbwi unakwenda 11.2 na unakunywa lita 4.1 kwa saa. Siku ya kwanza kilomita moja ilikula zaidi ya nusu lita, 0.57. Sasa inakula 0.37. Safari yetu ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 30, hesabu mwenyewe: lita sita zinabaki kwenye dumu kila usiku, na bado tunafika mapema kuliko zamani.

Kwa nini basi kilomita mbili za mwisho ni ghali hivyo? Chombo cha namna hii hakipandi juu ya maji, kinayalima. Kinatengeneza wimbi puani na jingine nyuma, na kikifika mwendo fulani kinabaki katikati ya hayo mawili kama kilichokwama kwenye bonde. Kipimo chake: chukua kipeuo cha pili cha urefu unaogusa maji kwa mita, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Wetu unagusa maji mita 8, jibu ni 12.7. Ukiwa mwembamba unaweza kupita hapo kidogo, kama tulivyopita, lakini unalipia kila mita. Ningefunga 40 hapa ningekuwa nimenunua wimbi kubwa zaidi nyuma yangu.

Nahodha nimemwonyesha alama ya rangi nyekundu kwenye mkono wa injini. Safari ya kawaida hapo. Akiona mvua inakuja, azungushe hadi mwisho, sitamuuliza petroli.

Siku ya 11: giza limerudi

Tumetoka saa kumi na mbili jioni. Watu watano, nyavu, taa sita na maboya yake, jaketi tano za kuokolea. Nimekwenda nao mwenyewe na daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwenda, mkono kwenye rangi nyekundu: 10.1. Kurudi tuna karai ishirini na moja za dagaa, nyavu zimelowa: 9.2. Nikamwambia nahodha aongeze: 11.4 na mizunguko 4,700. Hata na mzigo haishuki chini ya pale inapotakiwa. Karai tulizipanga katikati, si nyuma, na kijana mmoja alikalishwa mbele kwa amri. Kukomba maji mara mbili tu usiku kucha. Zamani kijana mmoja kazi yake ilikuwa hiyo hiyo hadi asubuhi, na kila ndoo ya lita kumi isiyokombwa ni kilo kumi zinazokwenda na kurudi.

Tumefika mwaloni jua halijatoka. Wawili wa wale waliotupita mwezi uliopita walikuwa bado hawajaonekana. Sijui kama ni mwendo au walipata dagaa wengi wakachelewa, siandiki ushindi hapo. Saa moja na robo dagaa wetu walikuwa kichanjani, na yule mama wa mizani akapita akauliza kama leo nimeleta zege au samaki.

Siku ya 13

Chupa ya oili: nimekuta mstari wangu umepitwa kwa vidole viwili. Nahodha anaapa mkono uliteleza. Kuanzia kesho nachanganya mwenyewe.

Ubao wa nyuma: kwa nguvu hii mpya injini inausukuma kuliko zamani, na kwenye kona ya kulia, chini ya boliti, pamba imeanza kutoa unyevu. Mzee ameugonga tena, umenyamaza kwa upana wa kiganja zaidi ya siku ile. Mbao ya mninga ya kuubadilisha nimelipia nusu. Kazi itafanyika mbalamwezi ijayo. Kwa sasa nimepiga mstari wa chaki mahali unyevu ulipoishia leo, na kila tukirudi naangalia kwanza huo mstari kabla ya kuangalia karai.